Mwaka Nyar Karungu Alirithiwa na Tinga

Uongo! Chacha hakumrithi Nyar Karungu, yule mjane wa Magunga. Hajawahi kulala kwa nyumba yake hata dakika moja, na wewe uliyekuwa unasema hivyo pale kwa kinyozi Migori, meno zote nje, hukuwa hapo. Mimi nilikuwa. Nilikuwa nimesimama kwa hiyo barabara na bendera mkononi wakati wewe hata hujui Magunga iko upande gani. Unaniambia ati kila mtu anajua. Kila mtu nani? Mtu mmoja aliambia mwingine, huyo akaongeza chumvi, akapanda gari. Hiyo maneno ilitembea kwa lami kutoka Magunga mpaka Sori, ikapanda Migori, ikakata Kehancha, ikafika Ntimaru kwa Mama Robi, bibi ya Chacha, akiwa anaanika mahindi, na ilifika ikiwa imenona. Zamani hiyo barabara ingekuwa matope na huo uongo ungekwama njiani kama lori za samaki. Sisi ndio tuliilainisha, kwa mikono yetu, ndio ukapita. Hiyo ndio inaniuma zaidi. Basi kaa chini nikuambie vile mambo ilikuwa, na nikimaliza urudi kwa kinyozi useme tena, kama bado una mdomo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya simu. Chacha ni opereta wa mashine za barabara, Mkuria wa Ntimaru, na ni mtu wa kupiga simu akiwa tayari anacheka. Mwaka jana, karibu na Krismasi, nikiwa saiti hapa Rongo nimekaa juu ya tinga langu mwenyewe, akapiga na hakucheka. "Achieng," akasema, "Mama Robi anataka kuona Magunga." Nikamuuliza kuna nini Magunga. Nikasikia kuku, na nyuma ya kuku nikasikia sauti ya mwanamke inasema kwa nguvu ndio na mimi nisikie: "Mwambie nataka kuona mwenzangu! Ati niko na mwenzangu huko ziwani na sijawahi hata kumsalimia!" Mimi damu yangu huchemka haraka, kila mtu anajua. Ningetoka hapo nikapigane. Lakini ningepigana na nani? Na barabara? Nikakaa tu kwa kiti ya hilo tinga, injini inanguruma, na ule mwaka wote wa Magunga ukanirudia.

Ya nyumbani kwetu nitaacha, haina kazi hapa. Yatosha kujua kwamba shule iliniacha mapema, nikasikia wanaandika watu kazi ya barabara upande wa Magunga, nikaenda na begi moja na mdomo wangu. Foromani akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akanipa kibao cha duara kilichofungwa kwa kijiti, ndio tunaita bendera: upande mmoja nyekundu, upande mwingine kijani. Kazi ni kusimama. Ukigeuza nyekundu gari zisimame, ukigeuza kijani zipite, na huko mbele kona ikiisha kuna mwenzako anafanya kinyume chako. Inaonekana rahisi. Simama wewe, jua la saa sita, mwenye lori ya samaki anakuambia barafu inayeyuka, mwenye bodaboda anapita kando ya mguu wako kama wewe ni mti. Nilikuwa natukana. Siku ya kwanza nilimfuata mwenye pikipiki nikimrushia udongo, foromani akacheka akasema huyu msichana hata bendera hahitaji, mdomo wake unatosha kusimamisha gari. Tangu hapo jina likawa Bendera. Hata leo kuna watu Sindo hawajui kama naitwa Achieng.

Nilikuwa nalala kwa Nyar Karungu. Hilo ndilo jina walimpa akiolewa, binti wa kutoka Karungu, na lilimkaa hata baada ya mume kufariki na wasichana wake wote kuolewa mbali. Kijana hakupata. Nyumba yake ilikuwa ya udongo iliyopakwa vizuri, mabati juu, na ilikuwa karibu sana na barabara ya zamani. Ndani ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono, vyeupe kabisa, hata sijui alikuwa anavitunzaje na vumbi yote ile. Kwa ukuta ilikuwa picha ya mume wake, mwanaume mwembamba ameshika kofia kama hataki kupigwa picha. Nje, upande wa barabara, ilikuwa alama. Watu wa kupima walikuja na rangi nyekundu wakachora X kubwa kwa ukuta, maana yake hii nyumba inaenda. Na mama huyu, Jumamosi akipaka ukuta wake upya kwa mkono, alikuwa anazunguka hiyo X polepole asiiguse. Nikamuuliza mbona asiifute. Akasema, "Ni ya serikali, nyathina. Nikiifuta watarudi wachore kubwa zaidi, na mkono wao si mzuri." Nyathina ni mtoto wangu. Aliniita hivyo kutoka wiki ya kwanza, na siku moja akarudi kutoka soko ya Sindo na bangili nyekundu ya plastiki, akanivalisha bila kuuliza. "Watu wajue uko na mwenyewe," akasema.

Saa ya chakula tulikuwa tunakula kwake, mimi na Chacha. Wafanyakazi wengine walikula kando ya barabara, lakini Chacha tumbo lake halikutaka chakula ya sufuria ya saiti. Ugali ya mtama na mahindi, rangi ya udongo. Omena, vile visamaki vya ziwani, iliyokaangwa mpaka inalia ukitafuna. Osuga, ile mboga chungu, amepika na maziwa mpaka uchungu umebaki kidogo tu, kama kumbukumbu. Na akitupakulia alikuwa anaongea juu ya hiyo barabara, kwa sababu aliijua kabla haijakuwa barabara. Alituambia watu wa zamani walipita karibu na ziwa na kwa vilima vya Gwassi, wakiogopa bonde la Lambwe, kwa sababu ya mbung'o walioleta ugonjwa wa kulala. Ng'ombe ikiingia huko haitoki. Ndio maana njia haikunyooka, akasema, ni nzi ndio waliipima kabla ya injinia. Yeye mwenyewe alikuja bibi harusi kwa hiyo njia, nyuma ya baiskeli, kutoka Karungu, na pale mlima ulipokuwa mkali alishuka akasukuma pamoja na bwana harusi. "Nikafika kwa ndoa na matope mpaka hapa," akaonyesha magoti. "Mama mkwe akasema, angalau huyu anajua kazi." Baadaye ikawa murram, changarawe nyekundu iliyomwagwa juu ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha udongo mweusi unashika gari kama mkono wa mtu. Alikuwa ameona samaki zimeoza kwa lori mbele ya mlango wake, dereva amekaa kando analia kama mtoto. Alikuwa ameona mwanamke amebebwa kwa kitanda kupelekwa Sindo kujifungua, na kitanda kikarudi kimefunikwa. Kwa hivyo usifikirie huyu mama alichukia lami. Aliitaka kuliko mtu yeyote. Alikuwa tayari nyumba yake iende ili ipite. Shida ilikuwa nyumba mpya.

Pesa ya fidia ilikuja, ikageuka mbao na mabati, zikapangwa nyuma ya boma, juu kidogo, mahali alipochagua nyumba mpya ikae. Zikakaa hapo. Zikanyeshewa, zikakauka, kuku wakaanza kutaga mayai chini yake. Hakuna fundi alikuja. Nikaenda mwenyewe kwa fundi mmoja, nikaenda kwa mwingine, kila mmoja anaangalia chini. Mmoja akasema mgongo unamuuma. Nikamwambia mgongo gani, jana si ulikuwa unapiga mpira? Ndio akaniambia ukweli. Mjane ambaye hajarithiwa hawezi kujengewa nyumba mpya hivi hivi. Mwanaume ndiye anafaa kuchimba shimo la kwanza, la nguzo ya kwanza, na huyo anayechimba ndiye jater, ndiye amemrithi. Fundi akichimba ovyo, ama amekuwa mume, ama ameleta chira, ile laana ya kuvunja desturi, na chira haichagui, inaweza kuangukia watoto wake. Na Nyar Karungu alikataa kurithiwa. Aliwaambia wazi: "Nilikuwa na mume. Nilimpenda. Sitaki wa kuazima."

Sasa ona vile alikuwa amebanwa. Tinga linakuja, kila siku liko karibu zaidi na ile X. Likifika, nyumba ya zamani inaanguka. Mpya haiwezi kuanza. Mwanamke bila nyumba kwa boma ya mume anaenda wapi? Anarudi Karungu kwa ndugu zake, na akitoka hapo, shamba linabaki. Shamba la kando ya lami.

Shemeji yake, Mzee Okeyo, alikuja na wazee wawili kuongea. Mimi nikaambiwa niingie chumba cha ndani, nikasimama nyuma ya pazia, na kama unafikiri singesikiliza basi hunijui. Nilifikiri nitamsikia mtu mchoyo. Okeyo alisema, "Shemeji, mimi nimezika ndugu yangu. Nimezika kijana wangu pia. Sitaki kuzika mwingine kwa sababu ya nyumba iliyoanzishwa vibaya." Hakuwa anaigiza. Mama akamwambia, "Yuora, shemeji, hao uliwazika kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa mbaya. Wewe mwenyewe uliwabeba." Halafu Okeyo akasema ile kitu alirudia mwaka wote: "Nyumba haiwezi kusimama bila mwanaume." Hapo nikatoka. Sikupanga, miguu ilienda yenyewe. Nikasema, "Hii mnakalia imesimama na mwanaume gani? Mwenyewe si amekufa? Na bado haijawaangukia!" Mzee mmoja akauliza huyu ni nani. Mama akasema, "Ni wangu. Achieng, rudi ndani." Nikarudi, nimefura kama mandazi, lakini nilisikia lile neno. Ni wangu. Hakuna mtu alikuwa amesema hivyo juu yangu mbele ya wazee.

Kesho yake nikabeba jembe, nikaenda pale kwa mbao, nikachimba shimo mimi mwenyewe. Shimo zuri, limenyooka. Okeyo akaja, hata hakunigombeza. Akalifukia kwa mguu, polepole, udongo ukirudi mahali pake, akasema, "Mtoto wa kike hawezi kuanzisha nyumba. Utamwumiza mama yako, na wewe unampenda." Hiyo ndio ilinimaliza. Angenitukana ningejua la kufanya.

Sasa ile siku unayoisema kwa kinyozi, ilikuwa saa ya chakula. Tinga la kuchimba lilikuwa limeegeshwa kwa boma ya Nyar Karungu karibu wiki nzima, kwa sababu hapo ndipo palikuwa salama na mwenyewe alikubali. Mimi nilikuwa najifunza kuliendesha kwa macho. Chacha alikuwa ananiruhusu kujibana nyuma ya kiti, magoti kwa kifua, niangalie mikono yake. Na nikirudi kwa bendera nilikuwa nachomeka vijiti viwili kwa udongo kando ya barabara, nikishika moja huku na moja huku: hiki mkono chini, hiki ndoo ndani, hiki zunguka. Watu wa magari waliniona wakafikiri nina wazimu. Basi siku hiyo Chacha alikuwa amekula osuga, ameshiba, akaangalia zile mbao, akauliza shida ni nini haswa. Nikamweleza. Akacheka. "Shimo moja tu? Mimi si Mjaluo. Hiyo chira yenu itanijulia wapi?" Akapanda, nikapanda nyuma yake, akawasha, akazungusha ule mkono mrefu mpaka ndoo ikasimama juu ya mahali pa nguzo.

Watu wakakimbia kuja. Tinga likinguruma kijijini kila mtu anakuja, hata anayenyonyesha mtoto. Okeyo akapita mbele akainua mkono. "Wewe Mkuria! Sikiza! Ukigusa hiyo udongo, huyo ni bibi yako! Umesikia? Bibi yako, na utalala hapa!"

Chacha aliachilia vile vijiti vya gia kama vimemchoma. "Achieng," akasema chini chini, "mimi niko na bibi. Wewe humjui Mama Robi. Huyo akisikia hii, hata mimi sitafukiwa vizuri." Jasho likamtoka. Kioo ilikuwa vumbi tupu, mtu wa nje hangejua kama aliye ndani ni padri ama mbuzi. Lakini mlango wa upande wangu ulikuwa wazi, na nikamwona Mama. Alikuwa amesimama kando ya mbao zake, leso imefungwa kiunoni, mikono imelala tu. Hakuwa anaomba mtu. Alikuwa anaangalia kile kipande cha ardhi vile unaangalia mtu anayepanda gari na hajui kama atarudi.

Nikapitisha mikono juu ya mabega ya Chacha, nikashika gia, nikavuta.

Ndoo ilishuka upande, ikauma udongo, ikapanda na tope nyeusi na mizizi na jiwe moja kubwa, ikamwaga kando. Nikarudia. Kama nilikosea sijui, nilikuwa nafanya vile vijiti vyangu vilinifundisha. Nje watu wakapiga kelele: "Amechimba! Jamwa amechimba!" Jamwa ni yule asiye Mjaluo. Nikaachilia. Chacha akazima injini. Shimo lilikuwa kubwa, mtu mmoja akauliza kama ni la nguzo ama la choo.

Sasa hapa ndio nataka usikilize, wewe wa kinyozi. Chacha akashuka. Okeyo akamwambia, "Basi karibu nyumbani, omera." Ndugu, yaani. Na Chacha angeweza kusema. Neno moja tu: si mimi, ni huyu msichana. Angekuwa huru. Lakini alijua wakisikia ni mimi watalifukia hilo shimo vile walifukia lile la jembe, na hakutakuwa na lingine. Akageuka akaniangalia mimi niliyebaki juu, bado nimejibana nyuma ya kiti. "Ndio," akasema, "nimechimba." Mwanaume mzima, mwenye bibi anayemwogopa, alibeba hiyo kitu mbele ya watu kwa sababu ya mama aliyempa ugali. Hajawahi kuiweka chini tangu siku hiyo. Mimi nimekutana na watu wengi wenye maneno matamu. Chacha hana. Ako na hiyo moja tu, nimechimba, na mimi kwa hiyo moja ningemtetea hata kwa Mungu.

Wazee wakaanza: basi alale hapa leo, desturi ikamilike. Chacha akawa rangi ya majivu. Ndio Nyar Karungu akatembea kutoka kwa mbao, polepole, akamshika Chacha mkono, akaugeuza watu waone. "Tazameni. Hii mikono ni safi. Huyu hajachimba kitu. Aliyechimba ni huyu," akapiga tinga kofi kwa ubavu, kama ng'ombe. "Huyu wa manjano. Na mnasema alale hapa? Amelala hapa wiki nzima! Amenguruma, ameamsha kuku, amemwaga mafuta kwa uwanja wangu, na asubuhi hasemi hata asante. Mnataka mume wa namna gani tena?"

Mwanamke mmoja mzee nyuma alicheka mpaka akaketi chini. Akashika mwingine, huyo akashika mwingine. Wanawake wakicheka hivyo hakuna mkutano. Wazee walijaribu kukohoa, ikashindikana. Okeyo alisimama mdomo wazi, akitafuta kwa kichwa chake chote desturi gani inakataza tinga, na hakupata, kwa sababu hakuna. Mwishowe akasema, "Nyumba imeanzishwa." Akaondoka. Kesho yake fundi wote wakaja, na yule wa mgongo alikuwa wa kwanza. Walijaza mawe kando ya nguzo mpaka shimo likatosha. Hiyo nguzo haitingishiki. Nenda uisukume.

Siku ya kuangusha nyumba ya zamani, Mama alitoa picha ya mume wake na vitambaa vyake, akapika chai kwa jiko la zamani mara ya mwisho, akatupa sote. Chacha akashindwa kuanza. Akashuka akamwendea: "Mama, nianzie wapi?" Akasema, "Anza na hiyo X. Nimechoka kuipamba." Na lami ilipofika, nyeusi, inanuka, moshi bado unatoka, wakubwa walikuja na magari yao kuitazama. Wa kwanza kuitumia alikuwa yeye. Alitandika neti zake akaanika omena katikati ya barabara ya serikali, upande mmoja mzima, na mimi nikageuza nyekundu, nikasimamisha kila mtu mpaka zikakauka. Foromani alinipigia kelele. Nikamwambia mwenye nyumba anaanika kwake.

Basi baada ya ile simu tulienda, mimi, Chacha na Mama Robi. Walinichukua Rongo, tukashuka Migori, tukakata kuelekea Karungu, Sori, halafu ziwa likawa kushoto na vilima vya Gwassi mbele. Mama Robi alikaa kiti ya mbele, mkoba kwa magoti, hasemi. Mahali tu tulipopita soko la Karungu akauliza, "Huko ndiko alitoka?" Nikasema ndio. Akatazama kama anatafuta kosa, hakulipata. Barabara ilikuwa laini sana. Ile njia Mama alisukuma baiskeli siku ya ndoa, sisi tuliipita tukila njugu.

Nyar Karungu alikuwa mlangoni, amezeeka, fimbo mkononi. Akamwona Chacha, akapaaza sauti: "Chacha! Mume wangu yuko wapi siku hizi?"

Mama Robi akakauka.

"Aliuzwa, Mama," Chacha akasema. "Yuko Kisii, anachimba mitaro."

"Mwanaume ni mwanaume," akasema Mama. "Hata salamu hatumi." Nikaona mdomo wa Mama Robi unataka kucheka na yeye anaukataza.

Tukakula. Samaki, ugali ile ile, osuga ile ile. Kwa baraza alikuwa Mzee Okeyo, kikombe mkononi. Siku hizi anakunywa chai hapo kila siku, anachaji simu yake hapo, na mjukuu wake analala hapo kwa sababu ni karibu na shule. Mama Robi akanawa mikono, akasema mbele ya wote, "Nimetoka mbali na swali moja. Nani alichimba hilo shimo?" Chacha akaanza kuchunguza mfupa wa samaki. Ningemwacha, angenyamaza tena! Mbele ya bibi yake mwenyewe, angenyamaza. Nikaangalia Mama.

"Achieng, sema," akasema.

"Mama?"

"Sema. Unafikiri sikuona? Mlango ulikuwa wazi. Ule mkono uliovuta ulikuwa na bangili nyekundu. Chacha alianza lini kuvaa bangili?"

Alijua. Miaka hiyo yote alijua, na alipopiga lile tinga kofi mbele ya wazee alikuwa ananificha mimi. Nikasema basi. Nikasema yote, haraka, kwa sauti kubwa, kama najibu dereva. Nilipomaliza Mama Robi alikuwa amejishika mbavu. "Hiyo tu? Kwetu Ukuria mwanamke asiye na kijana anaoa mwanamke mwenzake, nyumba isimame. Ni kitu ya kawaida! Achieng, wewe ndio ulioa hapa, na hukutoa hata mbuzi!" Akamgeukia bwana yake. "Na wewe Chacha? Wewe ulikuwa nini?"

"Mimi nilikuwa kiti," Chacha akasema.

Tulicheka sisi wote, isipokuwa mmoja. Okeyo alikuwa ameweka kikombe chini. Aliangalia ile nguzo ya kona, akapandisha macho mpaka kwa mabati, akayaacha huko muda mrefu. Mjukuu wake alikuwa amelala kwa kiti ndani, mguu mmoja unaning'inia. Nikajua anahesabu miaka, anatafuta aliyeugua, anatafuta aliyekufa. Hakuna mtu alimharakisha. Halafu akainua kile kikombe, akakisukuma kwa Nyar Karungu.

"Ongeza chai," akasema.

Akaongezewa. Kwa hivyo wewe mwenye meno, wewe unayejua kila kitu, nenda Magunga, ukae hapo kwa baraza, chai utapewa. Angalia hiyo nguzo iliyochimbiwa shimo na msichana wa bendera, halafu uniambie: hiyo chira yenu iko wapi?